Kisiki cha Pembeni

Jumatatu, 4 Machi

Tumeanza safu ya mikaratusi. Miti ilishakatwa miaka kadhaa iliyopita, vimebaki visiki. Mwenye shamba anataka pawe tambarare ajenge ghala. Mashine ya kusaga visiki nimeifunga nyuma ya trekta mwenyewe, shafti nimeipaka grisi, meno ya gurudumu nimeyakaza moja moja. Kazi hii hufanywa shingo imegeuka — mikono mbele, macho nyuma. Ikifika jioni shingo inakuwa kama ya kuazima.

Utaratibu wangu ni uleule. Nafukua udongo kuzunguka kisiki, natoa mawe, kisha nakigonga kwa nyundo, juu na ubavuni. Mti ukikua humeza vitu: misumari, waya, hata mnyororo wa mbuzi. Jino likikutana na chuma, kipande kinaruka kama risasi.

Msimamizi — tunamwita Chapchap, akiwa hayupo — amenicheka. Eti, fundi, unabisha hodi, kwani kuna mtu ndani?

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa natazama kisiki cha mwisho, kile cha pembeni. Mti wake ndio uliomwangukia mdogo wangu.

Jumanne, 5 Machi

Kazi imekwenda vizuri. Chenga za visiki ni laini, mbichi, zinanuka dawa ya kikohozi. Nguo zangu zote zinanuka hivyo.

Nimesikia mluzi. Mfupi, kisha mrefu. Ndivyo mdogo wangu alivyokuwa akipiga kabla mti haujaanguka, watu wakae mbali. Masikio nimeyaziba na mashine inanguruma — mluzi gani unapenya hapo? Nikazima. Kimya. Mzoa chenga anasema labda ni beringi inalia. Nimeikagua, ni nzima. Nimeipaka grisi hata hivyo.

Mke wangu amechoka na mimi. Anasema mchana nasaga visiki, nikilala nasaga meno, na afadhali visiki, vyenyewe vinaisha.

Jumatano, 6 Machi

Nimepita kwa shemeji, mjane wa marehemu mdogo wangu. Sikutaka asikie kwa watu. Mlango wake bado ni ule wa buluu. Nikamwambia visiki vyote vinasagwa, na kile pia.

Akaendelea kuchagua maharage. Halafu akasema, "Kisage, shem. Kila nikipita pale namsikia yule bwana akisema marehemu alikuwa mzembe, kabari kaiacha nyumbani."

Ni maneno ya Chapchap, mbele ya watu wote, msibani. Mti ulipoanguka, aliyekuwapo na marehemu ni Chapchap peke yake. Upepo ulikuwa mkali siku ile, kila mtu anakumbuka, lakini hakuna aliyeuliza ni nani aliyemtuma mtu akate mti kwenye upepo. Mzembe amekufa, yamekwisha. Shemeji amebaki na jina hilo. Binti yake alipochumbiwa, upande wa pili waliuliza kama uzembe ni wa ukoo.

Shemeji hakubali. Kabari aliiona kwa macho yake ikitoka mlangoni — kipande kizito cha chuma, mumewe alikipaka rangi iliyobaki ya mlango ili wenzake wasikiibe. Msumeno ulirudi. Kofia ikarudi. Kiatu kimoja kikarudi. Kabari haikurudi. Aliitafuta kwenye majani mpaka vidole vikachubuka.

Sikumwambia ninachowaza. Mti unapokatwa, kabari hupigwa kwenye ufa nyuma ya msumeno ili mti usirudi nyuma. Upepo ukizidi, mti hurudi tu, ukaikandamiza kabari ndani ya kisiki. Na mkaratusi hauachi kidonda wazi. Unachipua, unafunika.

Lakini tumaini ambalo sina hakika nalo nitampaje mtu?

Alhamisi, 7 Machi

Chapchap ameniambia cha pembeni nikiache, atakifukia kwa udongo. Eti mizizi yake itavunja mashine. Mizizi ya vyote ni ileile.

Walipokwenda kula nilikiendea. Machipukizi yamekatwa na kuota tena, kukatwa na kuota. Gome limejikunja juu, kama midomo ya mtu aliyeambiwa asiseme. Nikagonga mbele. Sauti ya mti. Nikagonga nyuma. Sauti nyingine — kavu, fupi.

Mluzi. Na mashine ilikuwa imezimwa.

Siandiki zaidi. 

Ijumaa, 8 Machi

Mwenye shamba amekuja kukagua. Akaona lile rundo la udongo limeandaliwa, akauliza la nini. Akasema ghala halijengwi juu ya kisiki, kitaoza na sakafu itapasuka. Visagwe vyote. Chapchap akaitikia ndiyo bosi, ndiyo bosi.

Baadaye akanifuata, mpole kama muuguzi aliyeficha sindano nyuma ya mgongo. Kesho nianze nacho, nishushe gurudumu mpaka chini, nisisimame-simame. Akaniita ndugu yangu. Hajawahi.

Mke wangu anasema nimwite shemeji. Nikauliza, na kama ni jiwe je? Akasema basi ataona jiwe. Alilonalo moyoni ni zito zaidi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika juu ya kiti cha trekta. Injini nimezima. Ufunguo uko ndani ya soksi yangu.

Nilianza upande wa mbele, kidogo kidogo, kama mtu anayemenya yai. Chapchap alisimama karibu kuliko inavyoruhusiwa, anapunga mkono: shusha, shusha. Shemeji yuko kwenye uzio. Nilipofika nyuma, cheche. Jino moja likakatika. Nikainua gurudumu.

Chapchap akasema ni jiwe, endelea.

Nikamwambia jiwe halilii hivyo.

Basi ni kipande cha jembe, saga, fundi, saga chapchap.

Siku zote akisema hivyo watu hucheka. Leo hapana.

Nilishuka, nikachota chenga kwa kiganja. Nyekundu zote, na katikati yake gamba dogo la rangi, jembamba kama ukucha wa mtoto. Buluu.

Nimerudi juu nalo. Liko kwenye ngumi ya kushoto. Chapchap anadai ufunguo, asage mwenyewe. Namwambia subiri, naandika. Ananiuliza naandika nini.

Shemeji amevuka uzio. Hajamsalimia mtu. Amechuchumaa, ameweka viganja vyote viwili juu ya kisiki, pale pale gurudumu lilipokuwa. Chapchap anamwambia atoke, mama, ni hatari. Hageuki.

Mluzi. Mfupi, kisha mrefu.

Nilidhani ni mimi tu. Lakini Chapchap ameruka nyuma, mikono kichwani, anatazama juu. Hakuna mti pale.