Mama Yako Haondoki Jumamosi

Mtaa wa Msikitini,
S.L.P. 417,
Machakos.

Jumapili, 10 Agosti 2025
(Mwezi wa Safar, 1447)

Mpendwa mpwa wangu Ramzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Kanada, wewe na mkeo Zamzam, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa theluji kimepona kabisa. Mimi mjomba wako namshukuru Mola. Goti la kushoto bado linakataa kukunjika, kwa hiyo nasali nikiwa kitini. Mwanzoni jambo hilo lilinitia haya mbele ya vijana niliowafundisha, lakini sasa nimelizoea.

Huku kwetu baridi ya mwezi wa saba imevuka mpaka ikaingia mwezi wa nane. Asubuhi ukungu hushuka kutoka milima ya Iveti ukafunika mnara wa msikiti, na tunaoelekea kuswali alfajiri tunatambuana kwa kikohozi. Mvua za masika zilikuwa haba. Ndugu zetu wa Kalama wamevuna mahindi ya kutia huruma, ila mbaazi zimewasimamia, na wiki iliyopita walituletea debe zima.

Nimeanza na afya na hali ya hewa kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, kwamba salamu hutangulia hata pale moyo unapochemka. Wajibu huo nimeutimiza. Sasa nakwambia kwamba nimekukasirikia, Ramzi, na sikumbuki mara ya mwisho nilipomkasirikia mtu kiasi hiki.

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, Winfred alikuja kwangu. Unamjua, ndiye jirani anayemfulia mama yako na kumtekea maji. Ni mwanamke wa kanisa, mpole, naye humwita mama yako Mwaitu, kama mama yake mzazi. Alikataa kiti.

"Mzee, mimi niko na neno, na silali nalo," aliniambia. "Ramzi amenipigia simu. Ati Jumamosi ya wiki ijayo Faiza anakuja na gari, aambie Mwaitu wanaenda kupimwa macho. Wakishatoka, mimi nipakie nguo kwa mifuko, nifunge nyumba, ufunguo nipatie mtu ataleta mpangaji. Mzee, mimi nimefua hizo nguo miaka hii yote. Sasa nianze kuziiba?"

Nilimwambia akae anywe maji. Ukweli ni kwamba maji yale niliyahitaji mimi.

Ramzi, Khadija ni dada yangu wa tumbo moja. Kama ulitaka kumhamisha, mlango wangu uko hatua chache kutoka kwake, na simu yangu unayo. Ungenijia mimi, tungeketi, tungemwuliza mwenyewe. Badala yake umemwagiza binti yako Faiza amdanganye nyanya yake, na umemwagiza jirani aivunje nyumba yake wakati ameketi garini akidhani anapelekwa kutazamwa macho. Ni dini gani uliyofundishwa inayoruhusu hayo? Nauliza kwa sababu aliyekufundisha dini ni mimi.

Na unampeleka wapi? Syokimau, nyumbani kwa Faiza, ghorofa ya nne, kwenye lifti inayofanya kazi siku inapojisikia. Faiza hutoka alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku. Mama yako atashinda na mtumishi asiyemjua, akitazama paa za watu. Hapa akifungua mlango tu, watu wanne wamekwisha kumwamkia kabla hajamwaga maji ya kunawia.

Nilimwuliza Winfred sababu ya haya yote, akanionyesha kwenye simu yake ile video uliyomtumia ili aelewe, kama ulivyosema, hali ilivyo mbaya. Nimeitazama mara kadhaa, na kila mara hasira yangu imeongezeka.

Matembezi yale nayajua. Mwezi uliopita Faiza alimpeleka mama yako bustanini, pale kando ya bwawa, na kwa hilo nilimshukuru msichana na bado namshukuru. Kulikuwa na jua kidogo siku hiyo. Walikula vibanzi, wakatazama watoto wakipanda mashua, na mama yako akatandika leso kwenye nyasi akanyoosha miguu. Mwuza vibanzi alikuwa na spika, na kutoka kwenye spika hiyo zikaanza kutoka zilipendwa, zile rumba za zamani. Hapo ndipo Faiza alipowasha simu yake.

Mama yako anatikisa bega moja, kisha anasema kwa sauti ya taratibu: "Wimbo huu umfikie Nthambi wa Kithimani, popote alipo. Umfikie Aloys fundi cherehani wa Katelembo, yeye na kile kicheko chake. Umfikie mume wangu Hanif. Ninayewasalimu ni mimi Khadija, Mama Mahamri wa stendi." Nyuma yake sauti ya Faiza inasikika ikicheka, kisha haicheki tena: "Shosh ameanza kuongea na wasee walishadedi." Yaani nyanya anazungumza na wafu. Halafu picha inakatika.

Faiza simlaumu sana. Amezaliwa wakati kila mtu ana simu yake mfukoni, na hakuna aliyemweleza habari za salamu za redioni. Lakini wewe, Ramzi? Winfred anasema ulimwonyesha daktari rafiki yako video hiyo, naye akatikisa kichwa, nawe ukakata shauri kwamba mama yako amerukwa na akili. Daktari huyo hajui kadi za salamu ni nini. Wewe umelala chini ya meza zilipokuwa zikiandikwa.

Umesahau Jumapili mchana nyumbani kwenu? Mahamri yamekwisha kuuzwa, baba yako Hanif yuko kwenye mkeka na redio ile ya betri imewekwa dirishani ili na majirani wasikie. Mama yako alijaza kadi akazituma redioni kwa posta, majina ya watu kwa mstari, na wimbo alioutaka chini yake. Kisha alingoja. Mtangazaji alipofika kwa "Khadija, Mama Mahamri wa stendi ya Machakos", mtaa mzima ulikuwa ukipiga makofi. Ulipofaulu mtihani wa darasa la nane jina lako lilisomwa redioni, ukatembea wiki nzima kifua mbele kama mbunge. Hilo nalo limefutika huko kwenye theluji?

Unajua mimi si mtu wa magitaa. Nilimkemea mama yako kwa ajili ya rumba zile, na mpaka leo naona zingeweza kuimba habari njema zaidi kuliko wanawake wanaowaacha waume zao. Naye hakuacha kunicheka, kwa sababu nilikuwa nikikemea huku nayajua maneno yote, na aliposahau ubeti alinitazama ili nimkumbushe. Hata hivyo jambo moja sikulipinga kamwe. Katika kadi zile mama yako aliwataja watu ambao hakuna mwingine aliyewakumbuka, wajane, wapagazi wa stendi, wagonjwa waliolazwa. Na mtu aliyekufa hakumfuta. Alisema kufa si sababu ya kunyimwa salamu.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa kuwa hili nilikufundisha ukiwa na umri wa miaka saba. Tukipita makaburini tunasema nini? Tunawasalimu waliolala. Tunawaambia amani iwe juu yenu, enyi watu wa makao haya, nasi kwa kudra ya Mola tutawafuata. Nimesema maneno hayo kwenye kaburi la baba yako kila Ijumaa tangu tumzike, kwa sauti, na watu wakinisikia. Je, nami unipakie kwenye mifuko unipeleke Syokimau?

Sitakuficha yaliyo kweli. Mama yako amezeeka. Maziwa yamemmwagikia jikoni zaidi ya mara moja, na juzi alimwita Winfred kwa jina la marehemu nyanya yetu. Kwa hiyo jana nilimpeleka zahanati mimi mwenyewe. Tabibu wa pale, kijana, alimwuliza siku, mwezi, mahali alipo, na majina ya wanawe. Alijibu yote, kisha naye akamwuliza kijana kama mkewe anampikia, maana shingo yake imekonda. Kijana aliona haya, ikabidi nitazame ukutani.

Alipompima masikio ndipo tatizo likaonekana. Sikio la kulia halisikii karibu chochote, na la kushoto linasikia nusu. Fikiria hilo, Ramzi. Unapompigia simu ukamwuliza habari za dawa naye akakujibu habari za kuku, hajapotea. Hajakusikia, na anaona haya kukwambia urudie, kwa sababu anajua unapiga ukiwa na haraka. Shinikizo la damu liko juu kidogo, na dawa anameza. Kumbukumbu itatazamwa tena baada ya miezi mitatu. Hayo ndiyo aliyoyasema mtu aliyemgusa mkono.

Leo baada ya adhuhuri nilimweleza mama yako kila kitu. Winfred alinisihi nisimwambie, ili asiumie. Nilimjibu kwamba nyumba ni yake na mwili ni wake. Nilikaa upande wa sikio lake la kushoto, nikayasema yote taratibu, gari, macho, mifuko, mpangaji. Alipokuwa akisikiliza alikuwa akikunja leso, akaikunja mpaka ikabaki ndogo kama kitabu.

"Aliyesema nidanganywe ni Ramzi au ni Faiza?" akauliza.

Sikuweza kusema uongo. Nilimwambia ni Ramzi.

"Basi mtoto msimgombeze." Kisha akaomba aione hiyo video. Winfred akaiweka sauti juu kabisa, karibu na sikio. Aliitazama mpaka mwisho, na ilipokatika aliigonga simu kwa kidole.

"Mbona wamekata? Sikuwa nimefika kwa watoto."

Nakuachia sentensi hiyo uiweke mahali utakapoona panafaa. Katika kadi zake zote watoto walikuwa mstari wa mwisho, kwa sababu alisema jina la mwisho ndilo mtangazaji hulisoma polepole.

Nilimwuliza anataka nini. Hakufikiri sana. Alisema alizikwa na waume wengi wa watu lakini wake amemzika hapa, na hataki kuamka mahali ambapo hawezi kumtembelea kwa miguu yake. Winfred aliangua kicheko akasema, "Mwaitu, hujazikwa na mtu bado." Naye akasema, "Nimewazika, nimewazika, mnanielewa." Akacheka pia. Halafu akasema, "Gari ikija, dereva apewe mahamri ya moto, arudi na gari tupu."

Kwa hiyo mama yako haondoki Jumamosi. Nitakuwa mlangoni kwake tangu asubuhi, na goti langu na kiti changu. Mtu wa mpangaji nimekwisha kumwonya. Winfred ameagizwa asifunge chochote, na nimemwambia kama ni lawama, iwe yangu.

Ikiwa bado unaamini kwamba Syokimau ni heri, una njia moja tu. Piga simu kabla ya Jumamosi. Mwambie Winfred aiweke kwenye sikio la kushoto. Sema polepole, kwa sauti, na usiwe unaendesha gari. Mwombe radhi, kisha umwulize. Akikubali kwa kinywa chake, begi lake nitalibeba mimi. Akikataa, mtafutie kifaa cha masikio, na mwaka huu njoo mwenyewe ukae naye Jumapili moja. Usimtume mtu.

Usidhani kwamba naandika haya kwa kutokupenda. Nilikushika mkono siku ya kwanza ya chuo cha Kurani, ukilia na kutoka kamasi. Lakini radhi ya Mola iko katika radhi ya wazazi, na wewe umefika ukingoni mwa jambo ambalo mja akilifanya hujuta mpaka kaburini. Nakushika shati usianguke. Ikiwa nimevuta kwa nguvu, nivumilie.

Barua hii Winfred ataipiga picha kila ukurasa na kukutumia leo hii, maana posta haitaiwahi Jumamosi. Ile ya karatasi itafuata.

Nilimwambia mama yako nakuandikia, nikamwomba salamu za kuweka mwishoni. Aliketi vizuri, akafunga macho, akanitajia mmoja mmoja, nami ninakuandikia kama alivyosema. Zimfikie Nthambi wa Kithimani, Mola amrehemu. Zimfikie Aloys fundi cherehani. Zimfikie Hanif, mwenye nyumba. Zimfikie Makau wa Kalama na mbaazi zake. Zimfikie Zamzam, mke mwema, ambaye humwuliza kama amekula. Zimfikie Faiza, na aambiwe vibanzi vilikuwa vitamu.

Nikangoja, kalamu iko juu ya karatasi, maana tulikuwa tumefika kwa watoto. Alifungua macho akanitazama.

"Hapo kata," akasema. "Kama walivyokata wao."

Nimekata, Ramzi. Sikuongeza jina ambalo mwenye salamu hakulitaja.

Mola akulinde ugenini, akupe moyo laini na ulimi wa kweli, na akuwahishe kwa mama yako angali anakungoja. Amin.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na hasira zangu,

Mahmud Musili