Aliyekuwa Akitunga Barua za Mama

Jumatano, Barking, London

Na mimi nilijiona mjanja. Mwaka wa tatu sasa naandika tasnifu juu ya barua katika hadithi za Kirusi za mwanzoni mwa karne iliyopita: jinsi msomaji anavyojua mapema kwamba barua inadanganya, huku anayeipokea akiiamini. Leo msimamizi wangu aliisifu sura inayohusu hilo.

Natoka kwake, nafika stesheni ya Stratford, mdogo wangu Saumu akapiga simu kutoka Mombasa.

"Dada, nisamehe. Barua za Mama nazitunga mwenyewe."

Mama hajui kuandika, na kwenye simu hasikii vizuri, kwa hiyo siku zote yeye husema na Saumu huandika. Kumbe tangu mwaka juzi hana la kuandikwa. Amesahau watu.

Nikamuuliza kuhusu ile barua ya "usije, maliza masomo kwanza, mimi mzima." Tiketi nilikuwa nimeshakata, nikaghairi kwa sababu yake.

"Ile pia ni mimi. Niliogopa ungeacha shule."

Sikuweza hata kumgombeza. Miaka miwili anamuuguza peke yake, na mimi huku nachambua...

Nikaomba nizungumze na Mama. Nikapaza sauti pale pale stesheni, watu wakinitazama. "Shikamoo Mama! Ni mimi, Zuhura!"

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwa upole. "Wewe ni wa nani?"

Mwanangu. Ndivyo anavyomwita hata muuza maji.