Mama Ametoka kwa Mashine ya Kendi

Wanja mdogo wangu, wewe ni mtu kweli? Mimi na magoti haya nimepanda mpaka Timau kwa mjukuu wetu Kendi, na wewe huko Embu hata Krismasi hukuja! Kendi anaandika, mimi nasema.

Ile picha moja tu ya marehemu mama inafutika, nikaileta Kendi ainakili. Lakini mashine yake kuukuu ya kunakili na kuchapa picha iligoma, kwa sababu kompyuta ameiwekea mfumo huria, ule wa watu wote, na hivyo viwili havisikilizani. Amekuwa akiandika upya maagizo ya kuvipatanisha. Leo akagundua ameyaweka kwenye folda ambayo kompyuta haiangalii. Akayahamisha. Nami nikaitemea mashine mate ya baraka, kama tunavyobariki mtoto.

Kendi akanikemea mimi nyanya yake, "Cucu! Hiyo ina umeme!"

"Nyamaza, bonyeza!"

Ikanguruma, na mama akatoka akitutazama! Tuliruka mpaka kuku wakatoroka jikoni. Geuza kadi hii umwone; tumekuandikia nyuma ya nakala yake.

Nakupenda, mkaidi wewe. Ukija, vaa sweta mbili, huku kuna baridi, na ulete wajukuu wako wote, wajue wamerithi pua ya nani.