Kipaimara cha Kocha

Shikamoo dada Neema!

Nimepata ithibati ya ukocha! Watahini wamenisikiliza nikizungumza na mteja, wakaridhika. Sasa niko Mkonze, upepo wa Dodoma unatupeperushia vumbi mpaka mezani. Mzee Chilewa, mwenyeji wangu, kanisogezea ugali wa uwele na mlenda, na aliposikia mimi ni kocha akauliza, "Kocha wa timu gani?"

Nikamweleza kwamba mimi huwauliza watu maswali mpaka wajionee njia wenyewe. Uanachama wa chama cha makocha ninao siku nyingi, ila ithibati hupewi mpaka upimwe ukiwa kazini.

Mzee akapiga makofi. "Kumbe! Ulishabatizwa, leo umepata kipaimara!"

Nawakumbatia nyote. Ila mwambie mama aache kuwaahidi vijana wa mtaani namba kwenye timu yangu.

Mdogo wako Daudi, kocha asiye na mpira