Nyufa za Bwawa la Baba

Pittsburgh, 9 Desemba

Dada yangu Marlene,

Nakusalimu wewe na shemeji Walt. Goti lasemaje na baridi hii? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa. Uso umeumbwa na haya, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Unakijua kitabu changu, kile unachosema kinakuletea usingizi. Humo nimedai kwamba tope likikauka hupasuka vipande vya pembe sita, na kwamba sababu ni hesabu tupu, tope lenyewe halina kauli. Mfano huo umenilisha miaka kumi na tisa. Sikwenda kutazama hata siku moja, mimi niliyekulia kando ya bwawa! Sisi wanafalsafa mfano mzuri tunarithishana tu, hatuukagui.

Binti yako alikwenda. Corinne alikaa bwawani kwa Baba majira matatu ya joto, akaona tope likikauka mara ya kwanza hupasuka kwa pembe mraba. Pembe sita huja baada ya kulowa na kukauka mara nyingi. Akaandika kwamba hesabu inaonyesha umbo linapoishia, lakini sababu ni yale yaliyolipata tope. Akapeleka makala kwenye jarida bila kuniambia, akitaka nishtukie imeshachapwa.

Ikakataliwa. Siku ya Shukrani, tukila bata mzinga wako, nikamwambia asijali, mhakiki yule aliyesomeshwa makala na jarida bila shaka ni bwege. Ukanishika mkono ukanishukuru. Corinne akatikisa kichwa: wala, mjomba, mtu yule kaielewa kazi yangu kuliko mimi mwenyewe, akisema haifai, basi haifai. Ndipo akatuambia anaacha chuo.

Dada, makala hutumwa kwa mhakiki bila jina la mwandishi, na mhakiki naye hatajwi. Ilikuja kwangu. Niliposoma habari za bwawa nilijua ni ya nani, na nilipofika mwisho nilijua ni kweli. Nikaandika kurasa nne kwamba si kweli.

Leo nimemwandikia mhariri nikajitaja. Corinne hajui. Nitakuja Jumamosi nimwambie kwa kinywa changu; ukikataa nisikanyage kwako, nitamngoja barabarani. Ila nakusihi, mzuie asipeleke barua ya kuacha chuo kabla sijafika.

Msalimie Walt, ukiweza.

Mdogo wako, nikiwa na aibu,
Russell