Tumbo Langu, Njiwa Kumi na Saba na Uzi wa Bi Hajra

Jumatatu, 5 Februari

Kosa la watu wengi wenye tumbo linalouma kidogo kidogo ni kujiuliza tu walikula nini jana. Jana ni siku moja. Tumbo langu lina miezi minne! Si maumivu ya kumpigisha mtu kelele — ni kama kuna mtu aliniwekea kidole gumba hapa chini ya kifua, akasahau kukiondoa. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita hapa hapa Lucknow. Jambo lenye sababu nyingi huchorewa jedwali. Nimechora.

Mke wangu Qudsia hahitaji jedwali. Jibu lake ni moja: njiwa. Vumbi la mabawa, manyoya, kinyesi. "Unayameza yote hayo huko juu, Mzee, halafu unashuka kuniuliza kama dengu zangu zina mchanga." Amempigia simu kaka yake, Munawwar. Jumapili anakuja na vizimba kutoka Kanpur. Nisipokuwa nimeipata sababu nyingine, njiwa wangu kumi na saba wanaondoka naye. Munawwar! Mtu asiyejua hata kupiga mluzi!

Siku sita.

Asubuhi nilimeza vidonge vyangu viwili vya goti kwa chai, nikapanda ngazi zote thelathini na nne hadi paani kwa njiwa bila kushika ukuta. Njiwa wazima kabisa. Nikashuka kumwambia Qudsia: kama vumbi lao ni baya, mbona wao hawaumwi? Akasema mbu naye haumwi malaria.

Jumanne, 6 Februari

Tiwari, jirani yetu mstaafu wa posta, amesikia habari. Ukuta kati yetu ni mwembamba na Qudsia hanong'oni.

"Gesi, Bwana Mwalimu. Gesi tupu."

Kwa Tiwari kila kitu ni gesi. Kichwa — gesi. Goti langu lilipoanza kusumbua wakati wa mvua — gesi imeshuka. Mkwewe alipofeli mtihani wa udereva alisema kijana alikuwa na gesi. Kaniletea mbegu za ajwaini zilizotwangwa na chumvi nyeusi, ile inayonuka yai bovu. Nikala vijiko vitatu, mbele yake, kwa heshima.

Matokeo: kidole gumba kiko palepale. Na sasa nina gesi, ambayo sikuwa nayo.

Jumatano, 7 Februari

Leo zamu ya maziwa. Kanuni: badilisha kitu kimoja tu, vingine vyote viache kama vilivyo. Watu hubadilisha vitano kwa mpigo, wakipona hawajui wamshukuru nani. Kwa hiyo chai ya rangi, bila mtindi, bila chochote cha ng'ombe. Mengine kama kawaida — matembezi, njiwa, vidonge, gazeti.

Maumivu kwa kipimo cha kumi: saa nne asubuhi, 3. Baada ya chakula cha mchana, 2. Jioni, saa moja baada ya vidonge, 4. Ajabu, jioni. Labda ni baridi.

Maziwa hayana hatia. Nimeyafuta. Qudsia kaniuliza kama jedwali lina mstari wa njiwa. Upo. Nimeuandika kwa penseli.

Alhamisi, 8 Februari

Nimekubali kupimwa na Bi Hajra. Sijivunii.

Bi Hajra huuza bangili nyuma ya msikiti, na wanawake wa mtaa mzima humwendea kitovu kikihama. Ndiyo, kitovu. Wanasema ukinyanyua kitu kizito, kitovu huteleza kutoka mahali pake na tumbo huuma mpaka kirudishwe. Alipofika uani kwetu nilijiandaa kumcheka. Lakini akatoa uzi! Akapima kutoka kitovuni hadi chuchu ya kushoto, kisha ya kulia. Pembetatu, mbele ya macho yangu, na pande zake hazilingani! Miaka thelathini na sita, na hakuna aliyeniambia kuwa tumbo lina jometri.

"Kimekwenda kushoto, Mwalimu. Upana wa kidole."

"Kidole kipi?"

"Mwalimu, lala chini."

Akavuta kidole gumba cha mguu mpaka kikalia. Akaweka tonge la unga kitovuni, juu yake utambi unaowaka, akafunika na bilauri. Utambi ukazimika, bilauri ikanyonya nyama. Hiyo ni fizikia safi: hewa iliyopata moto ikipoa, msukumo wake hupungua. Nikaanza kumweleza. Akasema nikiongea kitovu kinacheza.

Kisha bilauri ikakataa kutoka.

Akavuta. Akavuta Qudsia. Tiwari akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama ni gesi. Nilikaa nusu saa na bilauri tumboni kama kengele ya baiskeli, mpaka Bi Hajra akaingiza ukucha pembeni, ikatoka kwa mlio ambao sitauandika hapa.

Ijumaa, 9 Februari

Duara jekundu kuzunguka kitovu. Maumivu 3, kama zamani.

Nimejipima kwa rula: kushoto sentimita 21.4, kulia 22.1. Lakini kipimo bila kulinganisha si kitu. Nikampima Tiwari, ambaye tumbo halijawahi kumuuma. Kushoto 23, kulia 24.2! Kitovu chake kimehama zaidi kuliko changu na hana habari. Maana yake uzi hauthibitishi lolote. Nimeufuta mstari.

Tatizo: Tiwari sasa ana habari. Tangu adhuhuri yuko kitandani, ameshika tumbo. Mkewe kaniambia maneno mawili matatu juu ya ukuta.

Jumamosi, 10 Februari

Nimekwenda kwa daktari. Miezi minne nimemkwepa, na sababu naiandika hapa tu: Daktari Nuzhat alikuwa mwanafunzi wangu, na kwenye ripoti yake ya darasa la nane niliandika "Hana subira."

Nilipoingia alisimama. Wagonjwa wote wakageuka.

Akauliza maswali taratibu. Nimekonda? Nimetapika? Choo cheusi kama lami? Ukikiona hicho, alisema, usingoje asubuhi. Hapana, hapana, hapana. Nikamwonyesha jedwali. Akalisoma lote, mpaka mstari wa bilauri. Alikohoa kidogo, nadhani alikuwa akicheka.

"Jedwali zuri, Mwalimu. Ila umeandika chakula tu. Kesho niletee kila kitu kinachopita kooni tangu Oktoba. Onyesha njia, usilete jibu tu."

Onyesha njia! Maneno yangu mwenyewe!

Jumapili, 11 Februari

Saa nne. Naandikia juu ya paa. Munawwar yuko chini, anakunywa chai, vizimba sita vimepangwa ukumbini. Nimesikia akipiga mluzi. Ni wa kumwita mbuzi.

Orodha: wali, dengu, mkate, chai, maji, ajwaini (majuto). Kila kinachopita kooni. Nikaona nimepanda leo bila kushika ukuta, nikafurahia goti — na kalamu ikasimama.

Vidonge.

Viwili asubuhi, viwili jioni, kwa chai tupu. Nilianza kuvimeza mwisho wa mvua, Septemba. Maumivu yalianza Oktoba. Jumatano nilivitaja kati ya matembezi na gazeti! Sikuvihesabu kwa sababu ni vya goti. Kana kwamba kidonge kinajua njia ya gotini bila kupita tumboni.

Ni dhana tu, atahakikisha Nuzhat. Lakini kwa nini navimeza? Ili nipande ngazi. Kwa nini napanda? Njiwa. Kwa hiyo Qudsia alisema kweli tangu Jumatatu! Jibu sahihi, njia mbovu — alama moja kati ya tano. Bila vidonge sifiki huku juu. Na hakuna mwingine nyumbani anayewajua njiwa kwa majina.

"Shemeji!" Munawwar anaita. "Nipande na vizimba au unashuka nao?"

Na Qudsia, kutoka jikoni: "Mzee, umeipata sababu au hujaipata?"

Nimejibu nimeipata: ni vidonge vya goti, na bila hivyo sifiki kwa njiwa. Sasa nasikia kandambili zake ngazini — yeye, asiyepanda huku tangu mwaka juzi — na anahema, na anauliza yule mweupe mwenye mkia wa kahawia anaitwa nani.

Leo: peleka kopo la vidonge kwa Nuzhat kabla hajafunga saa sita, na usimeze kingine mpaka aseme.