Nimnunulie Baba Kamera Gani Aache Bunduki?

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie upesi, maana Jumamosi iko mlangoni na bado sijajua ninunue kamera ipi.

Baba yangu ni fundi seremala, na tangu ujana wake kila akipata nafasi huchukua bunduki yake yenye kibali akaenda msituni kuwinda, hata marehemu mama alikuwa akisema yeye ni mke mdogo tu, mke mkubwa ni bunduki. Sasa macho yamemwishia, mshauri, humimina chai nje ya kikombe akailaumu meza, milango anayotengeneza wateja wanairudisha kwa kuwa haifungi, mimi mwanawe hanitambui mpaka niseme neno, lakini ukigusia habari ya macho anawaka, anasema anaona kuliko sisi sote.

Mwezi uliopita alikwenda kuwinda na mume wangu, pamoja na mbwa wake aliyemlea tangu akiwa mdogo, amemfunga kitambaa chekundu shingoni kama wawindaji wa hapa wanavyofanya ili mbwa asidhaniwe mnyama, na asubuhi kweupe, jua limeshatoka, mbwa akachomoza kwenye majani, baba akamfyatulia risasi na kumuua papo hapo, kisha akashangilia kwamba amepata paa. Mume wangu akakimbia mbele, akaona ni mbwa, na mkweo utamwambiaje kwamba haoni, basi akamficha mbwa kichakani, akarudi akasema paa amekimbia na jeraha lake na mbwa amekamatwa na chui. Kile kitambaa alikuja nacho mfukoni, nikakifua mimi, nikakubali tunyamaze.

Kumbe tumejichimbia shimo. Baba anamlilia mbwa kama mtu aliyefiwa na mtoto, na ameapa kumuua huyo chui. Jana alimwambia mume wangu mbele yangu, "Mkwe, wewe ndiye unayejua alipokamatiwa, kwa hiyo Jumamosi utatangulia. Mimi nitakuwa nyuma yako na bunduki." Mume wangu akajibu, "Sawa, baba," na tangu hapo hali chakula, watoto wanamuuliza anaumwa nini.

Nimewaza nimpe baba kamera ya dijitali, apende kupiga picha za wanyama, aisahau bunduki. Muuzaji amenionyesha tatu, moja kubwa ya kubadilisha lenzi ("hii, dada, haiogopi mvua wala vumbi"), moja ndogo yenye lenzi inayovuta mbali ("ndege yuko kule, wewe unamhesabu manyoya"), na moja ya kufungwa kwenye mti, inayopiga picha yenyewe mnyama akipita. Moyo wangu uko kwa hii ya mti, nimwambie tumtafute chui kwa picha kwanza. Nichague ipi?

Binti wa Seremala

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole. Kumwona mzazi akipapasa ndani ya nyumba yake mwenyewe kunauma, nalijua hilo. Lakini lazima nikugombeze. Mume wako anatangulizwa mbele ya bunduki ya mtu asiyeona, nawe uko dukani unalinganisha lenzi!

Kamera ya mti iache hukohuko. Itampiga picha chui gani? Chui huyo mmemzaa ninyi. Ikikosa kumwona, baba yako atasema mnyama ni mjanja, na atazidi kumfuata. Njia ya mwongo ni fupi, na yenu inaishia mgongoni mwa mume wako.

Leo hii bunduki na risasi zitoke nyumbani kwa baba yako. Mtafute ndugu yake au rafiki anayemheshimu, mwende pamoja. Halafu useme wewe, si mume wako, yeye amebeba ya kutosha. Mwambie: "Baba, mbwa ulimpiga wewe. Hukumwona. Tulikudanganya kwa kuogopa." Usiongeze sukari. Atafoka, atalia, pengine atakufukuza na asikusemeshe kwa muda mrefu. Vumilia, kwa sababu na ninyi mmemkosea. Baadaye apelekwe kwa daktari wa macho. Kama ni mtoto wa jicho, huondolewa. Kama ni jingine, angalau mtalijua jina lake.

Kamera ije mwisho. Mchukulie hiyo ndogo inayovuta mbali, maana ile kubwa itamchosha shingo. Hakikisha inatuliza picha mkono ukitetemeka, na tundu lake la kuchungulia linarekebishwa kufuata jicho la mtumiaji. Nenda naye dukani aishike mwenyewe, achague mwenyewe, asije akadhani amepewa kitu cha kuchezea. Kwa kamera akikosea, picha inafutwa.

Ukishindwa kumwambia kabla ya Jumamosi, basi anza kujizoeza namna utakavyowaambia wanao kwamba baba yao naye amekamatwa na chui.